Usiifunike Ikiwa Bado ya Moto

Mwanangu,

Mimi ndiye niliyeiunguza kompyuta. Fundi Rajabu hakuiba kifaa, hakubadilisha kifaa, hakulegeza hata skrubu moja. Ni mimi, kiangazi cha mwaka jana, siku ile uliyokwenda Rudewa kwenye msiba. Sijawahi kumwambia mtu. Si mama, si rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, na hata kwenye dua nilikuwa nasema "nisamehe lile" bila kulitaja. Sasa nimelitaja, tena kwa kalamu ya wino, nisije nikapata hamu ya kulifuta.

Najua kabla hujashtushwa na hilo utakuwa umeshtushwa na neno la juu. Mwanangu? Ndiyo, wewe. Tangu nizaliwe unaniita Mama kwa sababu nimepewa jina la mama yako, na kila jioni ukirudi unasimama kibarazani, unavua viatu, unapaza sauti mpaka nyumba ya tatu wanasikia: "Shikamoo, mama!" Wageni wanacheka, mama naye anacheka. Mimi najifanya natafuta kitu chini ya meza, naitikia "marahaba" ndogo ambayo hata mimi mwenyewe siisikii. Miaka yote hiyo umekuwa mtoto wangu kwa utani. Kesho unaondoka nyumbani hapa Kilosa kwenda kuanza maisha Mikumi, na anayeondoka huandikiwa barua na mzazi wake. Basi leo naitumia nafasi yangu. Uso kwa uso siwezi, unanijua. Ukinitazama tu, maneno yanarudi tumboni.

Umetoka kwenda kuswali magharibi, na umesema ukitoka msikitini utapita kuwaaga watu wa baraza la kahawa, kwa hiyo najua nina muda. Mama yuko jikoni anachoma maandazi yako ya njiani. Mimi niko sebuleni. Kazi niliyopewa ni kufunga kompyuta kwenye boksi, na boksi lenyewe liko wazi hapa mbele yangu halina kitu. Kila mtu akipita naifunika karatasi hii kwa kitambaa cha Bibi.

Maelekezo ya kila siku sitayarudia humu. Jinsi ya kuiwasha, jinsi ya kuizima, wapi pa kubonyeza ukitaka kuprinti kurasa mbili tu na siyo kitabu kizima, yote hayo nimekuandikia kwa herufi kubwa na kuyabandika ubavuni mwa monita kwa selotepu. Naona tayari umeegesha kalenda juu yake. Sawa.

Baba, unachosha. Naomba uniruhusu niliseme hili mara moja, halafu nitarudi kuwa mpole.

Kompyuta hii ilikuja nyumbani ikiwa tayari nzee. Ile ofisi ya shamba la mkonge ulikokuwa karani ilipofungwa, kila mtu aliondoka na alichopewa, mwingine meza, mwingine kabati, wewe ukaja na kompyuta juu ya baiskeli, monita umeifunga mgongoni kwa shuka kama mtoto. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Ulipoiwasha, ilikohoa, ikanguruma, ikakaa kimya muda mrefu tukadhani imekufa, halafu ikatoa mwanga. Ukasema, "Hii itatutoa." Tangu siku hiyo umeipenda. Na kila kinachoiumiza kinatokana na hayo mapenzi yako.

Unaandika kama bado unapiga taipu. Nimekwambia mara ngapi kwamba herufi haihitaji kusukumwa mpaka mwisho wa karatasi? Kitufe cha A kiliruka kikaingia kwenye chai ya mgeni. Mgeni akakitoa kwa kijiko, akakuangalia. Ukamwambia, "Kunywa tu, ni kisafi."

Kisha maswali yake. Kompyuta inauliza kwa Kiingereza, wewe unakubali. Siku ile niliporudi kutoka shule nikakuta skrini imejaa matangazo ya viatu na wanawake, unakumbuka tulivyozungumza?

"Baba, umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza. Imeniuliza kitu."

"Imekuuliza nini?"

"Kwa Kiingereza. Maneno mengi."

"Ukajibu nini?"

"Nikakubali."

"Umekubali nini?"

"Sasa Mama, mtu anakuuliza vizuri, ameweka na neno 'please', unamkatalia?"

Nilikaa hapo siku nzima ya Jumamosi nikitoa ulivyovikubali. Vilikuwa vitu kumi na moja, vyote vinajiwasha vyenyewe asubuhi kabla hata mashine haijaamka vizuri, vinagombania nafasi. Halafu wewe unasema kompyuta ni nzito. Baba, wewe mwenyewe ukiamshwa na watu kumi na moja kila mmoja anataka kitu chake, utaamka mwepesi?

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni kitambaa.

Kitambaa chenyewe hiki hapa. Cheupe, pembeni kimefumwa maua ya kijani na ya waridi, na ua moja halikumalizika kwa sababu macho ya Bibi yalikuwa yameanza kufifia. Alikifuma akiwa amekaa hapo kwenye mlango wa uani, anazungumza Kisagara na wadogo zake, mimi naelewa nusu. Aliposikia umeleta mashine ya ofisini nyumbani, alisema kitu cha heshima hakikai uchi. Redio yake ilikuwa na kitambaa, jagi la maji lina kitambaa, makochi yana vitambaa. Kwa hiyo lile boksi la chini linalobeba kila kitu, CPU, likapata chake, nacho kikakaa juu yake usiku na mchana, ikiwa imezimwa na ikiwa inafanya kazi, kimeziba vitundu vyote vya nyuma ambavyo mashine inavipumulia. Bibi alipofariki, kikawa hakiguswi kabisa. Wewe ukikaa kuandika, kwanza unakinyoosha.

Mama amepita sasa hivi. Nimekivuta haraka juu ya karatasi.

"Zena, hilo boksi linafungwa au linaangaliwa?"

"Nafunga, mama."

"Na hiyo kalamu?"

"Homuweki."

"Homuweki ya likizo? Haya. Baba yako akirudi akute hujamaliza, utamjibu wewe na hiyo homuweki yako."

Ameondoka. Naendelea.

Unakumbuka kompyuta ilivyokuwa ikijizima yenyewe kila baada ya nusu saa. Uliipeleka kwa fundi Rajabu, kile kibanda chake karibu na stesheni ya treni. Nilikuwepo, nilibeba waya. Aliifungua, na humo ndani, Baba, ningepewa mbegu ningepanda. Vumbi limeshikana na nyuzi za kitambaa limekuwa kama pamba ya godoro, feni imekabwa haizunguki sawasawa. Akasafisha kwa brashi kavu polepole, akapaka ile dawa nyeupe ya kupoza prosesa, akafunga. Halafu akasema neno moja tu, tena kwa adabu:

"Mzee wangu, mashine sasa nzima. Ila hiki kitambaa ndicho kinaiua. Inajizima ili isiungue. Ikiwa bado ya moto, usiifunike."

Niliona uso wako ulivyobadilika. Ukamwambia, "Hicho kitambaa kimefumwa na marehemu mama yangu."

Akasema, "Mungu amrehemu. Lakini kinaiua."

Ulibeba mashine yako ukaondoka, na njia nzima ulikuwa unasema vijana wa siku hizi hawana adabu. Tulipofika nyumbani ukaiweka mahali pake, ukakinyoosha kitambaa juu yake, safari hii ukakunja mara mbili ili kiwe kizito zaidi. Kwa hasira, Baba. Uliivalisha kompyuta koti kwa sababu ya hasira.

Baada ya wiki mbili ikaanza tena kujizima, na hapo ndipo ninapoingia mimi.

Nilikuwa nimeanza kusoma somo la kompyuta shuleni. Kompyuta zilikuwa nne, wanafunzi arobaini, kwa hiyo nilichojifunza zaidi ni kuangalia mgongo wa aliyekaa mbele yangu. Lakini nilijua maneno. Kwa Kiingereza nilijua majina ya kila kifaa, kwa Kiswahili nilijua kuyaeleza, na mtu akijua majina kwa lugha mbili anaona kama ameshakuwa fundi mara mbili. Kukuambia "toa kitambaa" sikuweza. Rajabu mtu mzima alisema akaonekana hana adabu, mimi je? Nikaona dawa ni kuwa kila ukisafiri niwe naitoa vumbi kimyakimya. Nikusaidie bila kukuambia. Ndivyo nilivyokuwa nafanya mambo yangu yote.

Basi wewe ulipoondoka kwenda Rudewa, mama yuko shambani, niliifungua CPU kwa bisibisi ya cherehani. Vumbi lilikuwa limeanza tena. Sikuwa na brashi. Nikapuliza kwa mdomo, likaniingia machoni. Nikakumbuka pale kwa fundi wa matairi, ule mpira wa kompresa unaopuliza upepo mkali mpaka mchanga unaruka. Nikaifunga CPU kwenye khanga, nikaikaza kwenye keria ya baiskeli kwa tyubu, nikaenda.

Ilikuwa asubuhi mapema, fundi wa matairi hajaanza kazi. Aliitazama ile CPU, akaizunguka.

"Dada, hii nayo ina pancha?"

"Nataka kutoa vumbi."

"Nikujazie upepo wa pikipiki au wa lori?"

Waliokuwepo wakacheka. Mimi nikatamani kuondoka, lakini kuondoka nako kunahitaji kusema neno. Nikaonyesha tu kwa kidole. Akapuliza. Baba, vumbi lililotoka! Wingu zima. Feni ilizunguka kwa kasi mpaka ikapiga mluzi kama birika, na mimi nikafurahi, nikadhani mluzi ndiyo uzima wenyewe.

Kuna mambo mawili sikuyajua. La kwanza, feni unapoipuliza unaishika kwa kidole isizunguke, la sivyo inakwenda kasi ambayo haikuumbiwa na mapanga yake yanavunjika. La pili, mtungi wa kompresa unakusanya maji, na kila asubuhi mwenyewe anafungua koki ya chini ayamwage kabla hajaanza kazi. Asubuhi ile alikuwa hajayamwaga, kwa sababu mimi nilimwahi. Kwa hiyo pamoja na upepo yalitoka na maji, kidogo tu, kama mate ya mtu anayeongea kwa haraka. Niliyaona. Nikayafuta kwa pindo la khanga pale nilipoweza kufika, nikajiambia jua la njiani litakausha.

Jua la njiani ni dakika kumi. Nilifika nyumbani nikaunganisha waya palepale, kwa sababu nilitaka ukirudi ukute inakwenda. Nikabonyeza. Ikalia "tuk", kitu kidogo kabisa, kama mtu anapovunja kijiti. Halafu harufu.

Unajua nilifanya nini? Nilichukua kitambaa cha Bibi nikaifunika.

Uliporudi ukabonyeza haikuwaka. Ukabonyeza tena. Ukaniita, "Mama, hii imekuwaje?"

Nikasema, "Sijui."

Hilo ndilo neno langu, Baba. Wengine wana matusi, wengine wana uongo mrefu wenye kichwa na miguu. Mimi nina sijui. Ni neno la mtu mpole, halina makosa, linatoka haraka, na mtu akilisikia anahamia kwa mtu mwingine. Wewe ulihamia kwa Rajabu. Nilikuona ukiwaza, nikaona wazo linavyofika: huyu ndiye aliyeifungua mara ya mwisho, huyu aliyetukana kitambaa cha mama yangu, huyu ametoa kifaa kizima ameweka kibovu. Nilikuwa na nafasi ya kusema kabla hujavaa viatu. Ulitafuta kiatu cha pili muda mrefu sana siku ile. Nilikuwa nakiona kilipo na hata hilo sikusema.

Nilikufuata nikiwa nimebeba waya, kama mara ya kwanza.

Sina haja ya kukukumbusha uliyoyasema pale stesheni. Treni ilikuwa imeingia, watu wamejaa. Ulimwita mwizi. Ulisema mbele ya wateja wake kwamba anawatolea watu vifaa vizima. Yeye alikuwa anasema tu, "Mzee wangu, mimi sikugusa kitu. Hebu tuifungue tuone." Akaifungua. Wewe ulikuwa umeugeukia umati, unaendelea kuwaeleza. Mimi ndiye niliyekuwa naangalia alichokuwa anaangalia. Panga moja la feni limevunjika. Na kwenye pembe ya ule ubao wa kijani wa ndani kuna alama nyeupe ya duara, ya maji yaliyokauka.

Akaigusa kwa kidole. Akaninyanyulia macho.

"Zena, ilipowashwa ilikuwaje?"

"Sijui."

Akarudisha kifuniko cha mashine. Halafu akasema, "Mzee wangu, niachie. Powa saplai, ile inayogawa umeme, imekufa, nitatafuta nyingine, na feni pia. Ubao umepona." Na aliitengeneza, na ilipokuwa tayari uliichukua bila kumwambia hata asante, ukaenda baraza la kahawa ukasema, "Mmeona? Nilipomkalia kooni amerudisha kifaa changu."

Tangu hapo Rajabu ni mwizi wa Kilosa. Mwalimu wetu mkuu alikuwa anampelekea printa za shule, sasa anazipeleka Morogoro. Kwenye kile kibanda siku nyingi anakaa tu anasoma gazeti la zamani. Na wewe ukipita anakusalimu, unageuza uso kuangalia reli. Yeye kila akiniona ananiambia, "Msalimie mzee." Sijawahi kukufikishia salamu hizo hata moja. Nimekaa nazo nyingi.

Siku moja tulikutana njiani, nimebeba ndoo. Nikamwamkia, akaitikia vizuri.

"Mashine haijambo?"

"Haijambo."

"Inapumua?"

"Kidogo."

Akaingiza mkono mfukoni akanipa brashi ya rangi, ile ndogo ya inchi mbili. "Hii ni kavu. Usiiloweshe. Upepo wa matairi uwaachie wenye matairi."

Nikajua kwamba anajua, na alijua tangu siku ile. Niliitua ndoo. Nilimuuliza, na hilo ndilo swali refu zaidi nililowahi kumuuliza mtu mzima, kwa nini hakukwambia. Akasema, "Ningesema mimi, ningekuwa mtu mzima anayejitetea kwa kumsukumia mtoto. Hiyo ni ya kwako. Utaisema ukiwa tayari."

Nilikuwa tayari kila wiki, Baba. Kila Ijumaa nilikuwa tayari. Unaingia, unasema shikamoo mama, naitikia marahaba isiyosikika, basi, imepita.

Ile brashi uliyonisifia ukasema "Mama amejinunulia kifaa cha kazi" ni yake. Nimeiweka kwenye soksi safi pembeni ya boksi. Kila mwezi ulipokuwa unaenda kuswali Ijumaa nilikuwa naifungua CPU na kuipiga brashi polepole, feni nimeizuia kwa kidole, halafu nafunga na kurudisha kitambaa ulivyokiacha. Ndiyo sababu imekuwa nzima mwaka mzima ukadhani ni kwa sababu ulimtisha Rajabu.

Kwenye kusafisha faili nako sikuwa bora. Nilipojua kwamba diski ikijaa mashine inaganda, nilifuta kila nilichokiona hakina kazi, pamoja na folda yako iliyoitwa VITU. Ndani kulikuwa na barua za maombi za watu wote wa mtaa huu kwa miaka minne. Niliirudisha kwa sababu ilikuwa bado kwenye kapu la takataka, na hukujua kamwe, ila usiku ule sikula. Unajua nilivyojifunza? Kabla ya kufuta cha mtu, muulize mwenyewe. Lakini kuuliza kunataka mdomo, na mimi tayari nimekueleza habari za mdomo wangu.

Sasa unaipeleka Mikumi. Fremu yako, kile chumba cha duka utakachofungulia kazi ya kuandikia watu barua na kuprinti, nimeiona siku ile tulipokwenda kupaka chokaa. Mlango unatazama barabara kuu, malori ya Iringa na Mbeya yanapita hapo mchana kutwa, na kila lori linakuachia vumbi lake. Joto lake siyo la huku. Watu watakuja na flashi kutoka kila mahali, madereva, wahudumu wa loji, wanafunzi, na wewe hutaweza kumkatalia mtu aliyekuuliza vizuri. Umeme utakatika ukiwa katikati ya barua ya mtu ambaye gari lake linaondoka. Sitakuwepo kurudi kutoka shule saa tisa na kutoa ulivyovikubali. Utanipigia simu, utasema "imeandika kitu," nitasema "nisomee," utanisomea herufi moja moja kwa sauti ya karani, na siku nyingine nitakuwa darasani, ambako simu haziruhusiwi.

Hiyo mashine ni nzee, Baba. Itakufaa muda mrefu ikiwa kuna mtu anayeijua, anayekumbuka pembe ipi ilinyeshewa na feni ipi ilibadilishwa. Mimi nimekuwa najifanya ndiye. Kweli ni kwamba anayeijua ni mmoja tu, na wewe unaangalia reli kila akikusalimu. Mikumi fundi wa kompyuta hatujamsikia. Rajabu hupita huko kila wiki mbili akifuata vifaa. Angepita kwako bila shida. Angeweza hata kesho kukufungia mitambo yako pale fremuni. Lakini nani atamwomba, na kwa uso gani?

Nimewaza hili mpaka kichwa kinauma. Sikuombi wewe umwombe radhi kwanza. Kosa la kwanza ni langu. Kesho asubuhi pikapu ikija kuchukua mizigo, nitapanda nyuma na boksi. Tutapita stesheni, ndiyo njia yetu. Pale nitagonga bodi dereva asimame. Kutakuwa na watu, najua, na wale waliokuwepo siku ile baadhi watakuwepo tena. Nitashuka nitasema mbele yao, "Shikamoo fundi. Kompyuta niliiunguza mimi, kwa kompresa ya matairi. Baba hakujua." Nimefanya mazoezi kwa sauti ya chini tangu juzi. Ni maneno machache, nimehesabu. Nitayaweza kama hakuna atakayenicheka katikati, na akinicheka nitaanza upya.

Baada ya hapo wewe utasema unachotaka kusema, au utaangalia reli. Hilo ni lako, kama alivyosema yeye.

Utanikasirikia. Una haki. Utaniambia mwaka mzima, Zena, mwaka mzima, na kwa mara ya kwanza hutaniita Mama. Nimejiandaa kwa hilo pia, ingawa siyo sana. Kitu ambacho sitaki ni uende Mikumi ukaanze maisha yako mapya huku unasimulia wateja habari za mwizi wa Kilosa ambaye hakuiba.

Kuhusu kitambaa. Nakipakia, sijawahi kufikiria kukiacha. Lakini hakitakaa tena juu ya CPU. Kifunike kibodi jioni ukishafunga, mashine ikiwa imezimwa na ukiweka kiganja juu yake ikawa imepoa kabisa. Bibi angekubali. Yeye mwenyewe chungu alikuwa hakifuniki kikiwa kinachemka, alikuwa anakiacha wazi kidogo, na ukimuuliza alikuwa anasema ngoja kitoe roho yake.

Nasikia sauti yako barabarani. Umemaliza kuaga mapema leo. Unamwambia mtu, "Kesho asubuhi na mapema, mwanangu!" na unacheka kile kicheko cha mtu anayeogopa safari. Sikujua kwamba unaogopa. Nimekijua kicheko hicho kwa sababu ni changu.

Mkono wangu umeshakishika kitambaa. Umezoea.

Nimekikunja mara nne, nimekiweka ndani ya boksi, chini kabisa. Karatasi zote nimezipanga hapa katikati ya meza, za mwanzo juu, na nimeweka mausi juu yake zisipeperuke ukifungua mlango. Taa nimeiacha inawaka.

Umefika kibarazani. Unavua kiatu cha kwanza. Cha pili kinakusumbua kama kawaida. Najua utakachosema ukikimaliza, na leo nitaitikia mpaka nyumba ya tatu wasikie.